Mama wa Saa Mbili na Njia Yetu ya Hewani

Nilipofunga safari ya kwenda Geita, majirani zangu mjini Shinyanga walidhani nami nimeshikwa na homa ya dhahabu. Haikuwa hivyo. Nilikuwa nakwenda kumtafuta mwanamke ambaye sikuwahi kumtia machoni, ila sauti yake niliijua vizuri, maana ilitukorofisha karibu kila asubuhi.

Wakati huo, miaka ya hamsini ilipokuwa bado michanga, nilikuwa mtu wa simu ya upepo katika karakana iliyohudumia vikosi vya kuchimba malambo ya kunyweshea ng'ombe. Vikosi vilitawanyika porini, vingine Kishapu, vingine magharibi ya Kahama. Kila kimoja kilikuwa na katapila, mahema na kijiredio cha betri cha kusemea. Saa mbili asubuhi vilituita kwa zamu. Huyu kaishiwa dizeli, yule kakatikiwa mnyororo, mwingine ana mgonjwa. Mimi na mwenzangu Sospeter tulipokea habari hizo na kuzipeleka kwa mkuu wetu.

Tatizo letu lilikuwa yule mama. Kikosi kikianza tu kusema, sauti yake iliingia juu ya ile ya kikosi kama mtu aliyefungua mlango bila kubisha. "Mwanza, Mwanza, hapa Nyamihanda, wanisikia?" Maneno ya kikosi yalipotea yote. Nyamihanda ulikuwa mgodi mdogo wa dhahabu upande wa Geita, wenye wakala wake mjini Mwanza, nao ulipewa njia ileile ya hewani tuliyopewa sisi. Njia zilikuwa chache na wazitakao wengi, ikadhaniwa kwamba umbali ungetutenganisha. Na redio za siku zile hazikuwa za kuzungusha kitufe ukahamia upendako. Ndani yake mlikuwa na kijiwe cha kioo kilichokatwa kwa kipimo, na kipimo hicho ndicho kilichoamua njia yako. Ukitaka njia nyingine, agiza kijiwe kingine kutoka ng'ambo, kisha ungoje.

Sospeter alikwisha mpigia kelele mara nyingi. "Nyamihanda, nyamaza! Kuna mtu anasema!" Naye mama akajibu kwa upole uleule, "Nimesikiliza. Hakuna mtu."

"Umemsikia?" Sospeter akanigeukia, uso umemwiva. "Anatudharau waziwazi."

Mkuu wetu aliamua kuandika Dar es Salaam, mgodi ule unyang'anywe ruhusa ya kutumia redio. Hapo ndipo nilipomwomba aniache niende kwanza. Kuna jambo moja lililokuwa likinikera akilini. Kila mara, kabla ya kumwita mtu wake wa Mwanza, yule mama alisema, "Nasikiliza kwanza," akanyamaza kitambo, ndipo akaanza. Mtu asiye na adabu hasikilizi kwanza. Nilitaka kujua anasikiliza nini.

Mkuu alinitazama, akacheka kidogo. "Nenda, Rajabu. Lakini usirudi na hadithi, rudi na dawa."

Alfajiri ya Jumatatu nilipanda lori la karakana pamoja na mapipa ya dizeli na betri mpya za kikosi cha Kahama. Masika yalikuwa yamekwisha, mbuga zimeanza kugeuka rangi, na udongo mweusi ulikuwa umepasuka vipande vipande kama mkate mkavu. Tulipita mashamba ya pamba iliyokwisha funguka, wanawake wakiwa wamejifunga vikapu viunoni. Dereva alikuwa Msukuma wa Samuye, mtu wa kusalimia kila anayemwona. "Mwangaluka!" alipaza kila tulipopunguza mwendo, na watu wakaitika, "Mhola!" Safari yetu ikawa ya polepole lakini isiyochosha.

Kahama tuliingia jua likiwa kali. Tulikula wali kwa maharage kwa mama mmoja wa Kinyamwezi pale sokoni, kisha tukaendelea magharibi kwa njia ya miti iliyosongamana mpaka tukafika kwenye lambo la Masanja.

Huyu Masanja alikuwa msimamizi wa kikosi, mtu mfupi mwenye kifua kipana, na kwa miaka miwili nilikuwa nimemsikia kila asubuhi. Kumwona kulinichekesha. Redioni sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mbu ndani ya kopo, kumbe mwenyewe hunguruma kushinda katapila lake.

"Shikamoo, Bwana Rajabu!" aliniamkia, ingawa sikumzidi umri sana.

"Marahaba, Masanja. Kumbe una sauti hivi?"

"Sauti ninayo. Ni hiki kidubwana kinachoimeza."

Alinionyesha redio yake chini ya turubai. Niliona mara moja. Betri zilikuwa zimechoka, na waya wa hewani ulikuwa umetupwa tu juu ya mti wa mgunga, urefu wake haufiki hata nusu ya unaotakiwa. Sisi Shinyanga tulimsikia kwa sababu tulikuwa na milingoti miwili mirefu na mtambo wenye masikio makali. Nikamfungia betri mpya na kuuinua ule waya kidogo. Vijana wake wa majembe walikuwa wakisawazisha ukingo wa tuta, na mmoja wao, Lukas, alikuwa akiimba kwa Kisukuma huku wenzake wakiitikia kwa kishindo cha majembe. Sijui kwa nini nilimtazama zaidi ya wengine. Labda kwa sababu alicheka alipoona ninamtazama.

"Huko uendako," Masanja aliniambia nilipokuwa napanda gari jingine la kuelekea magharibi, "mwambie yule mama, mimi pia nina watoto. Nikiita, naita kwa haja."

Runzewe nilifika kesho yake, nikiwa ndani ya gari la mfanyabiashara wa nta na asali. Hapo Kisukuma kilianza kupungua, nikawa nasikia Kisumbwa. Kwa kuwa mimi nimezaliwa Pangani, vyote viwili vilinipita juu ya kichwa. Lakini Kiswahili kilitosha kununulia mihogo ya kuchemsha na kuulizia njia. Wenyeji walitaka kujua kwa nini mtu wa serikali anasafiri bila tarumbeta wala askari. Niliwaambia ninakwenda kuzungumza na mtu kuhusu hewa. Walicheka wakanipa asali.

Kutoka Runzewe kwenda kaskazini tulikatiza pori lenye mbung'o. Kwenye kizuizi, gari liliingizwa ndani ya banda la nyasi, milango ikafungwa, na walinzi wawili wenye vyandarua vya mkono wakaanza kuwasaka wale wadudu chini ya viti na kwenye matairi. Mmoja alinipiga mgongoni kwa chandarua bila kunionya.

"Samahani, baba. Ulikuwa na abiria."

"Ameshalipa nauli," nilimjibu, na banda zima likacheka.

Nyamihanda nilifika mchana wa siku ya pili yake, baada ya kulala njiani. Sikuhitaji kuulizia. Mashine ya kusagia mawe ilisikika kabla ya kuonekana, ikigonga mfululizo hata ardhi ikatetemeka chini ya soli. Palikuwa na vibanda vya mabati, chungu za mawe meupe, na wanaume wa kila pembe ya Tanganyika. Nilisikia Kihehe, Kingoni, na Kiha. Mwenye mgodi alikuwa Mgiriki mmoja ambaye wachimbaji walimwita Bwana Masharubu, naye alistahili jina hilo.

Chumba cha redio kilikuwa kibanda kilichoegemea karakana. Ndani alikaa mwanamke wa makamo aliyevaa kitenge cha bluu na miwani iliyofungwa kwa uzi, akishona kaptula ya mtoto. Aliposema "Karibu," niliitambua sauti ile. Ilikuwa ni yeye.

"Ahsante, mama. Mimi ni Rajabu, nimetoka Shinyanga. Wa simu ya upepo."

Aliweka kaptula chini. "Sema tena neno moja."

"Neno gani?"

"Sema 'rudia'."

"Rudia," nikasema. "Rudia, sijakusikia."

Alipiga kofi gotini akaangua kicheko, akamwita mumewe aliyekuwa fundi wa mashine hapo nje. "Baba Paskazia! Njoo umwone! Bwana Rudia amekuja!"

Nikafahamu basi kwamba kama sisi tulivyompa jina la Mama wa Saa Mbili, nao walikuwa wamenipa langu. Mama Paskazia alikuwa Mzinza aliyesomeshwa na masista, akafundisha shule kabla ya kuolewa. Karani wa mgodi alipoacha kazi, hapakuwa na mwingine wa kushika redio, akapewa yeye. Aliniambia, bila kejeli yoyote, kwamba siku nyingi walikuwa wakinihurumia.

"Kwa nini mnihurumie?"

"Tulidhani umerukwa na akili, baba. Kila asubuhi uko peke yako hewani unauliza 'rudia, rudia', na hakuna anayekujibu. Kisha mwenzio anatukaripia kwamba kuna mtu anasema. Mtu yupi?"

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nilianza kuhisi kwamba nimelikaribia jambo lenyewe, ingawa sikuwa nimelishika bado.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya saa mbili, nilikaa kando yake. Alinipa kimoja kati ya visikilizio viwili vya masikioni, tukawa kama watu wanaogawana shuka. Nilichosikia kwanza ni mngurumo wa kukwaruza, tatatata bila kukoma. Ilikuwa mota ya mashine ya kusagia ikirusha cheche zake hadi ndani ya redio. Chini ya mngurumo ule, hapakuwa na kitu.

Nikatazama saa ya ukutani. Saa mbili kamili. Nilijua, kwa hakika ya mtu aliyefanya kazi ile miaka miwili, kwamba wakati ule ule Masanja alikuwa ameinama chini ya turubai lake akiita Shinyanga. Nilikaza sikio mpaka shingo ikauma. Hakuna Masanja.

"Unaona?" Mama Paskazia alininong'oneza. "Nasikiliza kwanza. Hakuna mtu." Akanyoosha mkono kwenye swichi ya kusemea.

"Ngoja, mama. Tafadhali ngoja."

Hapo sauti ya Sospeter ikaja, wazi kabisa, kwa kuwa mtambo wetu wa Shinyanga ulikuwa na nguvu. "Rudia, Masanja. Nimepata 'tuta limeporomoka'. Rudia yaliyobaki." Kisha kimya. Kisha, "Jina lake nani?" Kimya. "Lukas. Nimepata Lukas. Mguu upi?" Kimya tena, kirefu zaidi. "Masanja, yuko hai?"

 Mama Paskazia aliuondoa mkono wake kwenye swichi polepole, kama mtu anayetoa mkono karibu na nyoka. Alikuwa ameelewa. Nami pia. Mtu alikuwa akisema, akisema kwa kulilia roho ya mwenzake, na pale tulipokaa hatukusikia hata pumzi yake. Siku zote yule mama alikuwa amesikiliza kwa uaminifu, na siku zote alikuwa amedanganywa na kimya. Shinyanga tuliwasikia wote wawili. Wao kwa wao hawakusikiana.

Wakati huohuo mlango ulisukumwa. Bwana Masharubu aliingia na matope mpaka magotini.

"Umekwisha waambia Mwanza? Pampu ya chini imekufa! Maji yanapanda! Kipuli chake kikikosa motaboti ya leo ya kutoka Mwanza, ngazi yote ya chini ya mgodi inazama."

"Bado, bwana," Mama Paskazia alijibu. "Njia ina mtu."

"Mtu gani? Saa tatu kasoro Mwanza wanafunga! Sema sasa!"

"Kuna mtu ameumia huko Kahama, bwana. Wanaomba gari."

Mgiriki yule alichukua kisikilizio changu, akakibana sikioni. "Mimi sisikii mtu! Sisikii hata mmoja!" Mkono wake ulikuwa tayari juu ya swichi. Nilisimama. Sikujua kama ningemshika mzungu mkono ndani ya mgodi wake mwenyewe, na mpaka leo sijui. Sospeter ndiye aliyeniokoa. Sauti yake ilitoka ndani ya kile kisikilizio kwa nguvu, hata mimi nikaisikia nikiwa nimesimama: "Kaza kitambaa juu ya jeraha. Kaza sana. Usimwache alale. Nakwenda kumwita dereva wa Kahama kwa simu. Usifunge redio, Masanja."

Bwana Masharubu alibaki vilevile, mkono hewani. Kisha akaketi juu ya debe la petroli. Alitukana kwa lugha yake, taratibu, bila kumlenga mtu. Hakuigusa swichi.

Tulingoja. Mama Paskazia alikuwa akisogeza midomo, nadhani alisali. Sospeter aliporudi hewani na kumwambia Masanja kwamba gari limekwisha ondoka, Mwanza walikuwa wamefunga. Mama aliwaita mara nyingi bila jibu.

Mchana ule niliona gharama ya kimya chetu. Maji yalifunika ngazi ya chini, pamoja na zana zilizoachwa humo. Hakuna aliyekufa, kwa kuwa watu walikwisha pandishwa, lakini wachimbaji wa ngazi ile walisimamishwa kazi mpaka pampu itengenezwe. Mngoni mmoja mrefu alinijia nilipokuwa nimeketi nje.

"Ni wewe uliyekuja kumfunga mama mdomo?"

"Ni mimi."

"Nina mke Songea anangoja mshahara wangu."

Nilimweleza yote, tuta, Lukas, mguu, jinsi tulivyosikia upande mmoja tu wa mazungumzo. Alisikiliza akichora ardhini kwa kidole cha mguu. Mwisho akasema, "Ningekuwa mimi chini ya lile tuta, ningetaka mnyamaze. Lakini leo siyo mimi." Akaondoka. 

Jioni tuliketi wanne nyumbani kwa Mama Paskazia. Mimi, yeye, mumewe na Bwana Masharubu, mbele yetu ugali na sato kutoka ziwani. Nilisema tugawane saa, wao wachukue saa mbili, sisi tuchukue saa tatu. Mama Paskazia alitikisa kichwa.

"Tuta lako litangoja saa tatu ndipo liporomoke? Na maji yetu yatangoja saa mbili?"

Baba Paskazia aliuliza, "Nani anayewasikia wote?"

"Sisi. Shinyanga."

"Basi si Shinyanga wawe wanasema?"

Tuliligeuza wazo hilo mpaka sahani zikakauka. Tukakubaliana hivi. Sisi tukipokea kikosi, tutasema kila baada ya kitambo, "Njia ina mtu." Nyamihanda haitamsikia mtu huyo, lakini itatusikia sisi. Tukimaliza tutasema, "Njia wazi." Na maji yakipanda tena, mama atatuita Shinyanga moja kwa moja, nasi tutavinyamazisha vikosi ili apite. Bwana Masharubu alikubali, akaahidi kwamba mtu wake wa Mwanza atabaki redioni hadi saa nne. Baba Paskazia naye aliahidi kuifunika ile mota kwa bati ili ipunguze kelele.

Asubuhi yake nilimweleza Sospeter hewani, naye alinifanya nirudie mara tatu. Majaribio ya kwanza yaliharibika. Sospeter alisema "Njia ina mtu," kisha akasahau kabisa kutufungulia, tukakaa tumetumbua macho mpaka Mama Paskazia akaita, "Shinyanga, huyo mtu wenu anakula humo humo?" Alipocheka Sospeter, nilijua kwamba uadui umekwisha.

Nilirudi kwa njia ileile, safari hii nikiwa na haraka ya kufika Kahama. Hospitalini nilimkuta Lukas kitanda cha karibu na dirisha. Mguu wa kushoto ulikuwa umekatwa chini ya goti. Masanja alikuwepo, ameketi sakafuni na kofia yake mapajani.

"Daktari amesema gari lingechelewa kidogo tu, basi," Masanja aliniambia. Hakumalizia.

Nilimweleza Lukas kuhusu yule mama, jinsi alivyoutoa mkono wake kwenye swichi bila kumsikia Masanja hata neno moja.  Hakuwa amejua kwamba mbali huko kulikuwa na watu waliokuwa wakingoja kwa ajili yake.

"Mashimo yao yamejaa maji kwa sababu yangu?"

"Moja. Watalikausha."

"Anaitwa nani?"

"Mama Paskazia."

"Mwambie wabeja," alisema, ndiyo ahsante ya Kisukuma. Alifumba macho kidogo, kisha akayafumbua. "Mwambie wabeja sana. Si kitu kikubwa, lakini ndicho nilicho nacho."

Nilifika Shinyanga Ijumaa ya wiki iliyofuata, alasiri, nikaenda msikitini kabla ya kwenda nyumbani. Mkuu aliuliza kama nimeleta dawa. Nikamwambia nimeileta, ila ni ya kunywa kila siku. Ile barua ya Dar es Salaam haikuandikwa. Kuhusu safari yenyewe, nilichojifunza nimekihifadhi mpaka uzeeni. Nilikuwa nikidhani adabu ni kusikiliza kabla ya kusema. Sasa nadhani hiyo ni nusu. Nusu nyingine ni kukubali kwamba masikio yako yana mpaka, na kumwamini mwingine anapokuambia kuna mtu pale usipomsikia wewe.

Jumamosi saa mbili nilikuwa kitini pangu. Vikosi vyote vilipita, kimoja baada ya kingine, hakuna aliyekatwa maneno. Nikabonyeza swichi.

"Njia wazi. Nyamihanda, kabla hujawaita Mwanza, nina salamu zako. Lukas wa Kahama yu hai. Anasema wabeja sana."

Hakujibu. Nilimpa muda wake, na sikumwambia arudie.